Seti ya kusafishia lenzi ya elfu 30 pale Mwanjelwa, miezi minane baadaye

Wakuu habari za saa hizi. Kuna seti moja ya kusafishia lenzi imezagaa sana pale Mwanjelwa hapa Mbeya, ile ya kipochi cheusi cha zipu, ukifungua unakuta bloa, brashi, kalamu, kachupa ka dawa, vitambaa viwili na kakitabu ka karatasi laini. Mimi niliinunua mwezi wa kumi mwaka jana kwa elfu 30, dada muuzaji akaniongezea na filta ya UV ya milimita 67, kile kioo bapa cha kufunga mbele ya lenzi, kama zawadi, nikatoka dukani najiona mjanja kweli. Sa hivi ni mwezi wa sita, baridi la Uyole linatukata masikio, miezi minane nimeitumia hii kitu kwenye harusi, kipaimara, misiba na mizunguko yangu ya milimani, kwa hiyo nadhani naweza kuiongelea bila kumwonea mtu.

Wenye haraka chukueni hili muondoke: humo ndani vitu vya maana ni viwili tu, bloa na vitambaa. Vingine ni mapambo, na kimoja kimenitia hasara.

Bloa ndio mwenye nyumba. Ni kampira keusi kamekaa kama kitunguu chenye pua ndefu, unakabinya kanatoa pumzi kavu. Kabla ya hapo nilikuwa napuliza kwa mdomo kama wengi wetu, na mdomo haujawahi kutoa hewa tupu hata siku moja, unatoa na mate, ukija kuikagua lenzi kwenye mwanga wa dirisha unakuta vitone vimekaukia pale, yaani umeondoa punje moja ya vumbi umepanda madoa kumi. Ila hii bloa nayo ilinifanyia vituko siku ya kwanza. Nimeitoa kwenye mfuko, nikaielekeza moja kwa moja kwenye lenzi, nikabinya, ikatema unga mweupe! Kumbe hizi mpira za bei rahisi zinakujaga na poda ndani. Kwa hiyo ukinunua, simama nje uibinye mara ishirini thelathini kuelekea hewani, halafu jaribu kwenye screni ya simu uone kama bado inatema, ndio uipeleke kwenye kamera. Na ukiwa dukani angalia matakoni mwake kama kuna kijitundu chenye valvu, maana isiyo na valvu inavuta hewa kwa puani, inameza vumbi ililolitoa sasa hivi halafu inalirudisha palepale.

Kwanini naisifia hivi, ni kwa sababu ya Ubaruku. Wanaokujua kule mwezi wa kumi mnaelewa, mvua bado, mashamba ya mpunga yamekauka, pikipiki moja ikipita kijiji kizima kinapotea dakika mbili. Nilikuwa na kazi ya harusi huko, kuna kijana nilikuwa naye ananisaidia, nikampa kamera ashike nikale. Narudi namkuta anafuta lenzi kwa tisheti yake, anazungusha kwa nguvu kama anang'arisha kiatu, na uso umejaa furaha kabisa kwamba anamsaidia bosi. Sikumgombeza, maana mimi mwenyewe nimefanya hivyo miaka mitatu. Lakini tatizo ni hili, vumbi la kule sio unga, ni mchanga uliosagika, na mchanga ni mgumu kuliko kioo cha lenzi, na juu ya kioo kuna kale katabaka kembamba kanakotoa rangi ya zambarau au kijani ukiinamisha lenzi kwenye mwanga, sasa ukiusugua ule mchanga pale juu hujasafisha, umepiga msasa. Mikwaruzo midogo midogo ya siku ile bado ipo kwenye lenzi yangu ya 18-135, inaonekana kama nywele ukimulika kwa tochi. Kwenye picha haionekani, labda nipige nikilielekea jua ndio picha inapauka kidogo.

Kwa hiyo utaratibu wangu sa hivi ni bloa kwanza, lenzi imetazama chini ili vumbi lidondoke badala ya kurukaruka palepale, na mara nyingi nikishapuliza hivyo sina haja ya kufuta chochote. Hapa ndipo wengi tunapojiumiza. Vumbi la punje mbili tatu mbele ya lenzi halionekani kwenye picha kabisa! Kuna mteja alinilalamikia ana vidoti vyeusi kwenye anga la picha zake zote za nje, nikakaa usiku mzima nasugua kioo cha mbele, kesho yake vidoti viko palepale. Vilikuwa kwenye sensa, ile sehemu ya ndani ya kamera inayopokea picha. Ukitaka kujua, piga picha ya anga au ukuta mweupe kwa f/16, yaani tundu la lenzi limebanwa dogo, halafu badilisha lenzi piga tena, doa likibaki mahali palepale basi lenzi haina kosa. Na hiyo brashi ya kwenye seti msije mkaiingiza kwenye sensa nawaomba, tumia bloa tu, weka kamera kwenye ile menyu ya kusafisha sensa kile kioo cha ndani kinachoifunika kijinyanyue, mdomo wa kamera utazame chini, na pua ya bloa isiingie ndani.

Brashi yenyewe basi. Nywele zake ni laini, sikatai, ila nilizigusa kwa kidole siku ya kwanza nikisikilizia ulaini wake, na tangu hapo kila nikipitisha inaacha mstari wa mafuta kama konokono kapita. Nimeihamishia kwenye kutoa vumbi kwenye vitufe vya kamera, huko inafaa. Karatasi laini sizitumii. Kalamu ile yenye kisponji cheusi mwishoni, ambayo inafuta kwa unga wa kaboni, ni wazo zuri sana kwa alama za vidole, na ukipata ile orijino ya Lenspen utaipenda, ila hii ya kwenye seti kisponji kiling'oka wiki ya pili kikabaki ndani ya kifuniko. Nilikirudishia kwa gundi. Kikang'oka tena. Basi.

Sasa dawa.

Kachupa hakana maandishi yoyote zaidi ya picha ya kamera. Inanukia kama sabuni ya kuoshea vyombo iliyotiwa pafyumu. Nilikuwa na lenzi yangu ya 50mm ile ndogo ya f/1.8, mtoto wa dada alikuwa kaishika kioo na kidole chenye mafuta ya mandazi, nikasema leo ndio leo, nikapuliza dawa moja kwa moja kwenye kioo, pu pu, mara mbili. Nikawa naangalia. Tone likakusanyika katikati, likateremka taratibu mpaka ukingoni, likakaa sekunde kama linawaza, halafu likapotea kwenye ule mwanya kati ya kioo na ringi. Moyo ukafanya paa! Nikageuza lenzi, nikaona kwa ndani kakipande kama mwezi mwandamo, unyevu umejipenyeza nyuma ya kioo cha mbele. Nilikaa nayo siku nne nimeiweka mezani bila vifuniko ikauke, maji yakaondoka ila alama ya sabuni ikabaki pembeni mpaka leo. Hapo najilaumu na mimi, dawa hata iwe nzuri vipi haipuliziwi kwenye kioo, inatiwa tone moja kwenye kitambaa ndio unafuta kuanzia katikati ukizunguka kwenda nje. Ila hata nilipofanya hivyo kwenye filta dawa yenyewe iliacha utando wa rangi za upinde wa mvua kama petroli kwenye dimbwi. Nimemwaga. Chupa nimeiosha mke wangu anawekea mafuta ya nazi.

Siku hizi kwa mafuta ya vidole nahema tu, haaa, ule mvuke ukitanda nafuta na kitambaa kisafi kabla haujakauka, inatosha kwa alama nyingi (kuhema na kupuliza ni vitu viwili tofauti jamani, kuhema hakurushi mate). Ikishindikana kuna jamaa yangu huniletea kutoka Dar vile vitambaa vya ZEISS vyenye unyevu, kimoja kimoja kwenye pakiti yake, unafungua unafuta unatupa. Na kuna mtu ataniambia asetoni ya kutolea rangi ya kucha inatoa kila kitu, ndio, inatoa hadi plastiki ya lenzi na maandishi, muulizeni mwenzetu mmoja hapa Soweto ya Mbeya ambaye lenzi yake haijulikani tena ni ya milimita ngapi.

Vitambaa viwili ni vizuri, vya maikrofaiba, vizito kiasi, havitoi nyuzi. Nafua kwa mkono na sabuni kidogo, nasuuza sana, siweki ile dawa ya kulainisha nguo kwa sababu inaacha mafuta. Kimoja ni cha kioo tu kinakaa kwenye mfuko wake wa zipu, kingine cha bodi ya kamera. Siku nikivichanganya najua nimekwisha.

Filta ya zawadi sasa. Nilifurahi nayo sana mpaka siku ya harusi moja ya jioni kanisani, mishumaa mbele, taa za njano juu, bibi harusi anaingia, nikapiga kama picha mia mbili za pale mlangoni hadi altareni. Nyumbani nafungua kwenye kompyuta naona kuna mishumaa mingine ya kijani inaelea hewani, imegeuzwa kichwa chini, upande wa pili wa picha kabisa, mmoja umekaa juu ya paji la uso la mama mkwe. Nikadhani lenzi imeharibika. Kumbe ni mwanga unagonga sensa, unarudi mbele unakutana na kile kioo bapa cha filta, unarudishwa tena ndani, ndio unapata taa pacha. Nikaitoa filta nikajaribu na mshumaa nyumbani, mazimwi yote yakaondoka. Filta zilizopakwa vizuri kama Hoya au NiSi za daraja la juu zinapunguza sana huo mchezo, hii ya bure ni kioo cha dirisha kilichotiwa ringi. Nilikaa siku mbili nafuta mishumaa ya kijani kwenye kompyuta, na mama mkwe yule ni mtu wa maneno.

Halafu mjue kamera za dijitali zina kioo chao mbele ya sensa kinachozuia hiyo UV, miale ya jua isiyoonekana kwa macho, tayari, kwa hiyo tunachonunua hapa ni kinga ya kioo, sio ubora wa picha. Na kama kinga, mimi siipingi kabisa. Nikienda Ubaruku au nikiwa mbele ya watu wanaomwagiana shampeni naivaa. Lakini kwa kuanguka na kugongwa, hudi, ile kola ya plastiki inayotangulia mbele ya lenzi, ndio inaokoa. Niliwahi kudondoka na boda pale Igawilo, kamera ikatangulia, hudi ikapasuka vipande viwili, lenzi nzima. Hudi ya elfu 15! Tena inazuia jua la pembeni, na kule Kitulo manyunyu yale ya kuanzia mwezi wa kumi na moja maua yanapochanua, yenyewe inazuia matone mengi yasifike kwenye kioo.

Ambacho hakuna seti yoyote inakuuzia, na kwa huku kwetu ndio ugonjwa wenyewe, ni unyevu. Mnajua Tukuyu mvua haina likizo. Nilimwazima shemeji yangu lenzi ya zamani ya 70-300, akakaa nayo kuanzia mwezi wa pili hadi wa tano ndani ya begi lake, begi lenyewe la sponji, lilishanyeshewa na halijawahi kuanikwa, liko uvunguni. Kuirudisha, namulika na tochi ya simu kutokea nyuma, nakuta utando wa buibui umeanzia ukingoni unaelekea katikati, nyuzi nyeupe nyembamba zenye matawi. Fangasi. Hiyo huifuti kwa nje maana iko ndani katikati ya vioo. Nikaipeleka kwa fundi mmoja, akaifungua, akasafisha, akanirudishia na fangasi imetoka ila vioo haviko sawa, ukivuta mpaka 300 upande wa kushoto wa picha umelala usingizi, hautoki mkali. Na pale fangasi ilipokaa muda mrefu imeacha alama, kwa sababu wale wadudu wanatoa asidi inayokula lile tabaka la kioo. Ukiwahi inasafishika, ukichelewa ndio hivyo.

Kuna mzee mmoja akanishauri niweke lenzi kwenye mchele unanyonya maji. Nikafanya, tena mchele wa Kyela ule wenye harufu, kilo mbili. Sitasahau. Lenzi ya kuvuta ukiizungusha inapumua, inaingiza hewa na kutoa, na mchele una unga na pumba, basi vumbi la mchele likaenda hadi kwenye gia za zumu, sa hivi nikizungusha inalia krii krii. Mchele wa Kyela pikeni pilau.

Ninachofanya sasa ni boksi la plastiki la vyakula lile lenye mdomo wa raba na vibanio pembeni, ndani naweka silika jeli za rangi ya machungwa ambazo zikishiba unyevu zinageuka kijani, na kamita kadogo ka unyevu. Nalenga asilimia 40 hadi 50. Ikipita 60 nikaiacha hivyo wiki kadhaa najua natafuta fangasi. Silika zikigeuka kijani nazikaanga taratibu kwenye sufuria kuukuu juu ya mkaa mdogo hadi zirudi rangi yake, nje, na hiyo sufuria haipikiwi chakula tena. Zile za bluu naziogopa, zina kobalti, sizitaki karibu na jiko.

Na jambo la Matema, kule Ziwa Nyasa. Unatoka Uyole saa kumi na moja alfajiri unatetemeka, kamera iko nyuma ya gari imepoa kama soda, unashuka Tukuyu, unashuka Kyela, saa tatu uko ufukweni kwenye joto la ziwa, unafungua begi, na ndani ya sekunde lenzi imefumba macho ukungu mtupu. Ukifuta unarudi. Bibi harusi anangoja kwenye maji, Mc anaongea na wewe umeshika kitambaa kama mhudumu wa baa. Dawa ya hapo ni uvumilivu tu, kamera unaifunga kwenye mfuko wa plastiki ungali kwenye baridi, ukifika unaacha humo humo ndani nusu saa au zaidi hadi ipate joto la pale, ukungu unatanda juu ya mfuko badala ya kwenye kioo. Sa hivi nikienda kule naomba tufike masaa mawili kabla ya kazi nakaa naangalia mitumbwi.

Kuhusu duka lenyewe sina neno baya. Dada yule ana lugha nzuri, nilivyorudisha kalamu alicheka akasema "kaka hizo kalamu hata mimi zinanitesa, chukua kifuniko cha lenzi hapo ufidie", nikachukua cha 67, kinabana vizuri. Hana risiti za mashine kwa vitu vidogo, na bei inategemea umevaaje, mimi nimeenda mara ya pili na koti la kazini nikaambiwa seti ni elfu 35. Nenda na ndala.

Kwa hiyo seti nzima naipa 4 kwa 10, na hizo nne ni za bloa na vitambaa. Ukiweza kumshawishi akuuzie bloa peke yake anakuuzia elfu 8, nimeshamuuliza. Nimemuuliza kwa sababu juzi nimerudi nyumbani nikamkuta mwanangu wa mwisho amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa, anapulizia moto kwa bloa yangu, na anaona ametatua tatizo la familia nzima. Sasa ina majivu ndani, nimebinya jioni nzima bado inatema kijivu. Kesho nadandia daladala nikachukue nyingine, na ya jiko namwachia.